Sauti ya Kaka Ndani ya Folda

Mimi nina hasira za karibu, na kompyuta yangu inalijua hilo. Asubuhi ile, nyumbani Nachingwea, niliipiga meza mpaka chai ikamwagika, kwa sababu folda za kazi zetu zilikuwa zimegoma. Kila nikibonyeza zipokee mabadiliko mapya, zinanijibu kwamba ghala halipatikani. Halipatikani! Utadhani nimelificha mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukikaribia, kompyuta inawapigia simu wakulima wa kikundi chetu, wa vijiji vya Kiegei na Mtua, na hata mwenye simu ya kitochi akipokea anasikia maelekezo kwa Kimwera, maana wazee wetu wengi ujumbe wa kuandika hawahangaiki nao. Mpango huo aliutengeneza wifi yangu, mke wa kaka, na sauti ilikuwa ya kaka mwenyewe. Kila walipobadilisha kitu, folda iliweka kumbukumbu ya kile cha zamani, na nakala ikaenda kwenye ghala la mtandaoni la mradi uliokuwa ukitusaidia. Mradi ukafunga virago, ghala likazimwa. Na kaka naye, Mungu amrehemu, tulikuwa tumeshamzika.

Fundi wa mjini aliangalia kidogo tu, akasema, "Futa zote, dada, tuanze upya." Nusura nikubali. Kisha nikakumbuka kwamba sauti ya kaka haiko mahali pengine popote. Simu yake iliingia maji akiwa bado hai. Nikaifunga kompyuta kwa kanga, nikapanda gari la Ruangwa, na kutoka pale bodaboda mpaka Narung'ombe, nyumbani kwa wifi. Wifi alikuwa eda. Mjane wa kwetu akiwa eda hatoki, na mwanamume asiye ndugu yake haingii kumwona, kwa hiyo kumpeleka fundi haikuwezekana. Ilibidi niende mwenyewe, na mikono yangu hii isiyojua kitu.

Nilimkuta chumba cha ndani, ameketi kwenye mkeka na nguo zake nyeupe. Nikaanza kulalamika hata salamu haijaisha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi, hii haijaharibika," akasema. "Inamwulizia aliyekwishaondoka. Kama mimi tu, ila mimi nina adabu, sipigi kelele."

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapohapo. Yeye alikuwa ameshaanza kazi. Kwanza alinakili kila kitu kwenye flashi, kabla ya kugusa chochote. Nikamhimiza, nikamwambia mikorosho inatoa maua, watu wanasubiri. "Haraka yako ndiyo iliyomwaga chai," akanijibu. Lo! Kumbe kanga ilikuwa inanuka tangawizi ya ile chai.

Akanionyesha kwamba ndani ya kila folda kuna folda nyingine iliyofichwa, na humo ndimo ilimoandikwa anwani ya lile ghala lililokufa. Akaifuta anwani. Nikaruka.

"Umefuta!"

"Nimefuta anwani, wifi. Nyumba ya jirani ikibomoka, na sahani alizokupa zinavunjika? Kumbukumbu zote zimo humu humu, hazijaenda kokote."

Akatengeneza ghala jipya kwenye kompyuta yake ya zamani, iliyokuwa kabatini, akaiunganisha nalo folda ya Kiegei. Ikakubali. Ya Mtua ikagoma. Mimi ningeitupa dirishani, wallahi. Yeye aliisoma ile lawama yake neno kwa neno, akagundua anwani ya zamani ilibaki mahali pengine, akaiondoa, akajaribu tena. Ikakubali. Sijawahi kuona mtu mwenye msiba mzito kiasi kile akawa na mikono iliyotulia kiasi kile. Nilimwonea fahari mpaka nikasahau kulalamika.

"Sasa tuwapigie kwa sauti yake," nikasema.

"Wewe! Wazee wa Mtua wapokee simu ya mtu waliyemzika? Watakimbia mashamba." Tukacheka mpaka akajifunika uso. Alipojifunua alikuwa halii. "Sema wewe. Mimi niko eda, sitaki sauti yangu izunguke mitaani. Na Kimwera chenu bado kinanipiga chenga."

Nikakataa. Kuweka sauti yangu juu ya ile ya kaka? Hapana, jamani. Akanishika mkono, akasema ya kaka haifutiki, inakaa chini ya yangu, na siku yoyote tukiitaka tunairudisha. Basi nikasema. Nilikosea, nikatukana kidogo, nikarudia. Wakulima wakaanza kupigiwa palepale.

Hapo ndipo, kazi ilipokwisha, alipofungua kumbukumbu za zamani na kuchagua ile ya kwanza kabisa. Kaka akakohoa. Jogoo akawika. Kaka akacheka, akaita nje ya kipaza sauti, "Mama, mfukuze huyu jogoo, ananishinda sauti!" Ndivyo alivyokuwa akimwita mkewe.

Kumbe alijua tangu mwanzo kwamba imo. Alinihudumia mimi, akawahudumia watu wa Kiegei na Mtua, ndipo akajipa ya kwake. Niliangua kilio kwa sauti. Yeye aliisikiliza mara nyingine.

Kisha akaichomoa flashi, akaifunga kwenye pindo la ile nguo nyeupe, pale tunapofungia hela, akakaza fundo kwa meno.

"Haya, nenda wifi," akasema. "Hii naomba uniachie."