Vidole vya Zuhura

Enzi zetu Kiingereza hakikuwa kwenye simu. Kilikuwa kwenye vidole vya Zuhura.

Wenzangu mliosoma Tabora mkibanana wanne dawati moja mtanielewa. Mwalimu Tausi alitufundisha kwamba ukitaja kofia, "cap", mdomo ufunguke vidole viwili. Ukitaja kikombe, "cup", kidole kimoja kinatosha. Tabu ni kwamba vidole vyetu havikulingana. Masanja, aliyeshinda shambani kwao akilima tumbaku, vyake viwili vilimjaa mdomo hadi macho yakamtoka. Ndipo mwalimu akaamua vitumike vya rafiki yangu Zuhura, maana vilikuwa vya wastani. Kila asubuhi alipita na ndoo ya maji: ananawa, anapima, ananawa tena, midomo arobaini na miwili. Darasa zima lilinuka karanga za kukaanga, yeye peke yake akinukia sabuni ya mche.

Siku moja tukaambiwa kesho anakuja mkaguzi, na tukishindwa kutofautisha maneno, Mwalimu Tausi atahamishwa. Tulimpenda. Mama alikuwa akisema huyo ndiye mwalimu pekee anayechapa huku akiomba radhi. Hofu ilinishika, na Zuhura aliponipima, nikafunga meno juu ya vidole vyake.

Hakupiga kelele. Mwalimu alipoona damu, Zuhura alisema, "Nimebanwa na mlango, mwalimu."

Darasa letu halikuwa na mlango.

Kesho yake vidole vilikuja vimefungwa kitambaa, vinene kama mihogo. Mwalimu hakutaka kubadili kipimo, akavitumia hivyo hivyo, kidole kimoja sasa kikijaza mdomo kama viwili. Mkaguzi alipoinua kikombe chake cha chai, tuliachama kama makinda ya ndege: "Cap!" Akagusa kofia yake. Tukaachama zaidi, taya la Masanja likagoma kurudi.

"Mwalimu, hawa watoto wanaumwa?"

"Hapana, bwana mkaguzi. Wanapima."

Mwalimu Tausi alihamishwa, mbali kupita Kaliua. Tulimsindikiza stesheni. Treni ilipoondoka alituinulia vidole viwili dirishani, nasi tukaachama, tukilia. Sikumwambia mtu kwamba kosa lilikuwa la meno yangu.

Zuhura alipougua mwaka huu, nilikwenda kukaa naye kwake Ipuli. Kovu lilikuwepo bado. Nikamwuliza kwa nini siku ile alisingizia mlango.

"Mlango hauchapwi, shoga," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha.

Tumemzika wiki iliyopita. Msibani wajukuu zake walikaa pembeni na simu. Wanaiuliza neno, inalitamka, nao wanalirudia bila hata kufungua mdomo sawasawa. Siwezi kusema uongo, wanatamka vizuri kuliko sisi sote.

Ila simu yao haijawahi kunawa mikono kwa ajili ya mdomo wa mtu.