Bunduki ya Ochoki

Esnah hakupenda aibu. Alikuwa mwanamke wa kufagia uwanja hadi udongo ung'ae, wa kupiga pasi hata leso ya kufungia ndizi za kupeleka sokoni Nyamache. Kwa hiyo chifu alipotangaza barazani kwamba kila bunduki ambayo leseni yake imekwisha irudishwe kituoni, hakuwaza sheria. Aliwaza: nitaipelekaje mbele za watu ikiwa na kutu?

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mumewe, Ochoki. Ilikuwa ya marisau, yenye mitutu miwili, na aliinunua kwa kibali enzi zile alipolima mahindi kule mpakani, ambako nguruwe mwitu walivuna kabla ya mwenye shamba. Kila msimu ulipokwisha aliitoa nje, akaikunja katikati, akapitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mitutu mpaka ikameremeta. Kisha aliifungia katika sanduku la chuma chumbani mwao. Esnah alipouliza kama ina risasi, jibu lilikuwa lile lile: "Bunduki hailali na risasi nyumbani kwangu, Mama Beverlyne."

Halafu kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukafungwa. Mtu aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kila Sabato akabaki na "mm" na "aa" tu. Beverlyne, binti yao, alikuwa ameshaolewa Sironga, basi ni Esnah aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Miaka ikapita, na sanduku halikufunguliwa.

Alasiri moja, baada ya kupeleka majani ya chai kwa mnunuzi, alimketisha mumewe kwenye kiti nje ya mlango, akaitoa bunduki na kuilaza juu ya mkeka. Kutu ilikuwa imeivaa kama ukurutu.

"Mm! Mm!" Ochoki akaanza, akitikisa mkono wake mzima.

"Tulia, Baba Beverlyne. Siiharibu. Naisafisha tu, kama ulivyokuwa ukiisafisha wewe."

Alijaribu kuikunja, bawaba ikakataa. Akaipiga kwa kiganja. Akaigongesha kitako chini, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zake zote. Wapi! Basi akatafuta kijiti kirefu, akakifunga kitambaa kilicholowa mafuta ya cherehani, akakisukuma kupitia mdomo wa mtutu. Kiliteleza vizuri, halafu kikagota kabla ya kufika mwisho. Akasukuma. Kikagota tena. Nyigu wamejenga humu, akajisemea. Akaisimamisha bunduki kati ya magoti yake, akainama, akatia jicho pale mdomoni, kando ya kijiti, ili achungulie.

"Yaya!"

Esnah aliganda. Huo haukuwa mguno. Lilikuwa neno zima la Kikisii, *hapana*, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikianzisha nyimbo. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Ochoki alikuwa amejirusha chini na kulala kifudifudi vumbini, mkono wa kushoto ukikwaruza ardhi kumfuata.

"Umesema! Mungu wangu, umesema!" Aliilaza bunduki mkekani, akamkimbilia. Akamwinua kichwa, akampangusa vumbi mdomoni, akilia na kucheka pamoja. Lakini Ochoki hakucheka. Alimkamata kifundo cha mkono akamvuta, akimwondoa kwenye ule mkeka, macho yamemtoka.

"Yaya," alirudia. "Yaya. Yaya."

Ndipo Esnah akaacha kucheka, akaitazama tena ile bunduki.

Alimpigia simu Abner, mdogo wake Ochoki aliyestaafu upolisi. Abner alikuja mbio kutoka shambani, gambuti zimejaa matope. Wakamrudisha mgonjwa kitini. Kisha Abner akachuchumaa kando ya mkeka, akatazama kijiti kilivyokuwa kimejitokeza, asiiguse bunduki hata kwa kucha.

"Shemeji, umeifanya nini hii?"

"Nimeigonga tu kidogo, ifunguke."

"Umeigonga?" Abner alifunga macho. "Humu mna risasi. Nani aliiweka sandukuni mara ya mwisho?"

Esnah alitaka kusema ni Ochoki. Kisha akakumbuka. Juma lile la kiharusi, wezi walikuwa wamechukua ng'ombe wa jirani yao Nyangau. Ochoki alilala na bunduki kando ya kitanda. Alipoanguka kulipokucha, na kabla majirani hawajajaa nyumbani, ni yeye Esnah aliyeiokota sakafuni, akaitia sandukuni, akafunga. Hakuuliza chochote. Na wa kumjibu asingeweza.

Polisi walikuja kuichukua. Kesho yake Abner alimletea Esnah habari: mitutu yote miwili ilikuwa na risasi, zimevimba na kushikana na kutu, na fundi wao alitoka jasho kuzitoa.

Si jicho lake mdomoni mwa mtutu lililomtesa Esnah zaidi. Ni miaka ile. Mara ngapi Ochoki alinyoosha kidole kuelekea chumbani, naye akadhani ana usingizi, akampeleka akamlaze hapo hapo kando ya sanduku? Wajukuu walipolipiga kama ngoma, babu yao aliunguruma mpaka machozi yakamtoka, na Esnah akawatoa watoto nje: "Babu hapendi kelele." Kesho yake walirudi wakapiga tena. Mtu huyu alikuwa akipiga mayowe ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mkewe akimfunika blanketi.

Jioni aliketi miguuni pake.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa nakutunza, kumbe sikusikii."

Akamshika mkono wake mzima.

"Kuna lingine? Ambalo umekuwa ukiniambia?" Alianza kumuuliza, moja baada ya jingine. Mto? Kimya. Dirisha? Kimya. Akachukua bakuli la uji wa wimbi, uji aliompikia kila asubuhi na kila jioni tangu siku ile ya kiharusi, akapeleka kijiko mdomoni.

Ochoki alifumba midomo, akaifumbua kwa shida.

"Yaya," akasema.

Esnah aliangua kilio. Kisha akainuka, akaenda jikoni kumsongea ugali.