Chupa Aliyoiamini Kavetsa

Mwaka wa themanini na nne mvua za masika ziligoma, na watu wa Kibera wakaanza kula unga wa mahindi ya njano huku wakiulalamikia kila jioni. Kavetsa alikuwa kidato cha tatu. Mama yake, Lenah, alikuwa akipika chang'aa, pombe kali iliyokatazwa, nyuma ya nyumba yao upande wa Lindi, na jambo hilo lilifichwa shuleni tu. Huko Kavetsa alisema mama yake ni mfanyabiashara, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Baba yake alirudishwa kwao Maragoli ndani ya jeneza Kavetsa akiwa bado msichana mdogo wa shule ya msingi. Tangu hapo pombe ndiyo iliyomlisha, ikamvisha na kumsomesha. Lenah hakuipenda kazi hiyo. Jumapili alifunga kitambaa cheupe kichwani, akaenda kanisani kwao, kanisa la Marafiki, na kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Lakini kama kazi ni ya kufanywa, aliifanya vizuri. Wanywaji walisema chang'aa ya Mama Kavetsa haimwachii mtu maumivu ya kichwa asubuhi. Kavetsa aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, akayaamini jinsi mtoto anavyoamini kwamba ukuta wa nyumba yao hauwezi kuanguka.

Jirani yao wa mlango wa pili aliitwa Nyongesa, fundi wa mawe kutoka Bungoma. Hakuwa ndugu yao, lakini Kavetsa alimwita anko. Baba alipokufa, Nyongesa ndiye aliyezunguka na bakuli la mchango plot nzima, chumba kwa chumba. Siku za kazi alikuwa akijenga nyumba mtaa wa Ayany. Jumamosi na Jumapili alikunywa, mara kwa Lenah, mara Kawangware alikokaa ndugu yake Khaemba.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita hakutoka kwenda kazini. Kavetsa alipopita kuelekea shule alimsikia akiita, akasukuma mlango. Nyongesa alikuwa ameketi kitandani, amevaa mkono mmoja tu wa shati, mwingine ukining'inia.

"Nani amefunika dirisha?" aliuliza.

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni.

Hospitalini walisema ni pombe yenye sumu, na kwamba macho yale hayatarudi. Plot nzima ililaani. Lenah alilaani kuliko wote. "Ni hao wa Kawangware," alisema. "Wanauza chochote kile." Akampikia Nyongesa uji kila asubuhi na kumpelekea kwa mikono yake, na Kavetsa akamwona mama yake kuwa mtu mwema sana.

Mwezi wa nane, likizo ilipokaribia, Mwalimu Waruguru wa kemia alimwita Kavetsa ofisini. Maabara moja ya utafiti huko juu, ukishapita Kawangware unaelekea Kabete, ilikuwa imekubali kupokea wanafunzi wa sekondari likizo nzima. Kila mmoja angetafuta shida ya pale anapoishi, aichunguze kwa vyombo vya maabara, kisha mwisho wa likizo wangeshindana mbele ya waamuzi. Washindi wangekwenda mashindano ya taifa.

"Nimekutaja wewe," Mwalimu Waruguru alisema. "Usiniangushe."

Basi kila asubuhi Kavetsa alitembea kutoka Kibera, akavuka Ngong Road, akapita katikati ya Kawangware na viatu vyake mkononi ili visichakae, akavivaa tu alipolikaribia lango la maabara. Ndani kulikuwa na meza ndefu za mbao nyeusi, mabomba yenye maji wakati wote, na harufu ya dawa iliyomwasha pua siku za kwanza, baadaye akaipenda. Mtaalamu aliyewasimamia aliitwa Bwana Musau, Mkamba mrefu asiye na maneno mengi. Wanafunzi wenzake walichagua maziwa yaliyoongezwa maji, maharagwe yaliyobunguliwa, udongo wa shamba la shule. Zamu ya Kavetsa ilipofika alisema anataka kuchunguza chang'aa.

Wengine walicheka. Musau hakucheka.

"Kwa nini?"

"Jirani yetu amekuwa kipofu. Nataka kujua ni nini kilimpofusha, na kiko wapi."

Musau alifikiri. Pombe hiyo ilikatazwa na sheria, na maabara ilikuwa ya serikali. Siku mbili tatu baadaye alirudi na ruhusa kutoka kwa mkubwa wake: kazi ifanywe, lakini jina la mpishi yeyote lisitajwe, wala mahali pake.

Akamfundisha. Kuna pombe mbili zinazofanana kama mapacha, alimwambia. Zote nyeupe kama maji, zote zinawaka moto, na pua ya binadamu haiwezi kuzitenganisha. Moja inalevya. Nyingine, methanoli, ni ya viwandani, na inaua macho kabla haijamuua mnywaji mwenyewe. Lakini ukitia dawa fulani kwenye bomba la kioo, kisha nyingine, ile yenye methanoli inageuka zambarau. Isiyo nayo haigeuki.

Kavetsa alikusanya chang'aa katika vichupa vya dawa ya kikohozi. Khaemba alimtafutia za Kawangware, na za Kibera alizipata mwenyewe, kwani nani angemshuku mtoto wa Mama Kavetsa? Musau alikuwa amemwambia kwamba katika kazi ya sayansi lazima uwe na kitu kimoja unachokijua ni kizuri, ili vingine uvilinganishe nacho. Hilo halikumsumbua. Alichota chupa ya pombe ya mama yake asubuhi moja Lenah alipokwenda soko la Toi kununua kuni, akaifunga uzi mwekundu shingoni ili asiichanganye na zingine.

Za Kawangware zilibaki kama maji. Za Kibera pia, moja baada ya nyingine. Kavetsa alianza kuvunjika moyo, akidhani ameipima vibaya dawa. Mwisho, kwa kukamilisha tu, akatia dawa kwenye bomba lililotoka kwenye chupa ya uzi mwekundu.

Rangi ilianza chini, hafifu, kisha ikapanda mpaka bomba lote likawa zambarau.

Alirudia. Akaosha vyombo, akarudia tena. Musau alikuja akasimama nyuma yake, akatazama.

"Umeipata," alisema. "Ni ipi hiyo?"

Kavetsa aliufunika ule uzi mwekundu kwa kiganja. Musau alimwangalia uso, kisha akatazama kando. "Usiniambie," alisema. "Tulikubaliana hakuna majina."

Alipofika nyumbani mchana huo, mama yake alikuwa amechutama uani akisugua sufuria kwa majivu. Kavetsa alisimama tu, bado ameshika viatu.

"Mama, nilipeleka yako pia."

"Yangu gani?"

"Pombe. Kule maabara."

Lenah aliacha kusugua. "Umechukua pombe yangu ukaipeleka kwa serikali? Kavetsa, wewe una akili kweli?"

"Niliipeleka kwa sababu nilijua yako iko sawa. Nilitaka ya kulinganisha." Aliviweka viatu chini. "Imegeuka. Ni hiyo peke yake imegeuka."

"Hizo chupa zenu za shule hazijui kitu."

"Nimerudia, mama. Ishmael hukuletea nini kwa ule mtungi wa bluu?"

Ishmael alikuwa mwanamume wa baiskeli aliyekuja mara moja kwa wiki, mpole, mwenye kofia ya sufu hata juani. Kavetsa alikuwa akimwona tangu njaa ianze, na alidhani analeta mafuta ya taa.

Lenah aliketi chini kabisa, kwenye majivu. "Unataka nipike na nini?" alisema. "Mahindi yako wapi? Sukari guru iko wapi? Alisema ni spirit safi, ya kuongeza makali. Naweka kidogo tu. Kila mtu anaongeza."

"Sio kila mtu. Nimepima."

Mama yake aliivuta ile sufuria karibu.

"Anko Nyongesa alikunywa hapa Jumapili ile," Kavetsa alisema.

"Alikunywa Kawangware pia."

"Za Kawangware zilikuwa safi."

Lenah alijifunika uso kwa mikono yenye majivu. Hakulia. Baadaye alisimama, akautoa mtungi wa bluu chini ya kitanda, akaumwaga wote kwenye mtaro wa maji machafu. Ishmael alipokuja wiki iliyofuata alimwambia asikanyage tena pale. Lakini kwa Nyongesa hakwenda na neno. Alikwenda na uji, kama kawaida. Kavetsa alimtazama mama yake akivuka ua na kikombe kile, akamngojea mlangoni mpaka arudi.

"Lazima ajue," alimwambia.

"Akijua ataona?" Lenah akajibu.

Siku ya mashindano ukumbi wa maabara ulijaa. Kavetsa alisimama kwenye meza yake akiwa na mabomba yake ya kioo, yote meupe ila moja. Mwamuzi mmoja, mama mwenye miwani, aliisikiliza kazi yote kwa makini, kisha akauliza:

"Ile ya kulinganisha uliichagua vipi?"

"Nilichukua ya mahali nilipopaamini."

"Na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya."

"Ndiyo, mama."

Yule mama alitikisa kichwa polepole, si kwa kulaumu. Lakini kulikuwa na mgeni mwingine, mtu wa utawala, aliyekuja na suti ya kijivu. Alitaka kujua hiyo moja imetoka kwa nani. Musau alieleza makubaliano. Mgeni akasema makubaliano ya namna gani hayo, watu wanapofuka. Na kusema kweli, Kavetsa aliona mgeni yule ana haki.

"Wewe msichana, ilitoka wapi?"

"Sitasema."

Alimwona Mwalimu Waruguru akiinamisha kichwa. Walioendelea hadi mashindano ya taifa walikuwa mvulana wa maharagwe na wasichana wawili wa maziwa. Jioni Musau alimsindikiza mpaka langoni.

"Sikuulizi ni ya nani," alisema. "Lakini methanoli ni ya viwandani, na aliyemletea mpishi huyo bado anawaletea wengine. Hilo ulifikirie."

Alilifikiria. Alilifikiria darasani, kanisani, akichota maji. Angemtaja Ishmael, wangeuliza amemjuaje. Angesema amemjuaje, mama yake angefungwa. Alikonda. Lenah alikuwa sasa akiuza mboga Toi, na faida ilikuwa ndogo mno. Muhula ulipofunguka Kavetsa alikuwa nyumbani kwa kukosa karo. Hakulalamika. Aliona ni kama stahili yake.

Mwezi wa kumi Khaemba alikuja kumtembelea ndugu yake. Alikaa nje ya mlango wa Nyongesa, akasimulia kwa sauti ya chini habari za Kawangware. Katika plot anayokaa, ya Mzee Thuo, wanaume wawili wamekufa kwa wiki moja. Mmoja alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja. Amemwacha bibi na mtoto wa kunyonya.

"Kuna mtu mgeni alianza kuwaletea wapishi spirit," alisema. "Wa baiskeli. Anavaa kofia ya sufu."

Lenah alikuwa akifunga mafungu ya sukuma wiki. Kavetsa alimwona akiachia mikono. Majani yakaanguka. Alikuwa amemfukuza Ishmael kutoka mlangoni kwake, naye Ishmael alikuwa ameendelea tu na njia yake mpaka mlango mwingine.

Asubuhi yake Lenah aliamka akaoga, akavaa nguo ya kanisa na kile kitambaa cheupe, ingawa ilikuwa Jumatano. Hakuchukua uji. Alikwenda kwa Nyongesa mikono mitupu, akasimama mlangoni, Kavetsa nyuma yake.

"Nyongesa, ni mimi nilikupofusha," alisema. "Sio Kawangware. Ni pombe yangu. Niliongeza kitu nikakuuzia. Na nimekuwa nikijua tangu mwezi wa nane."

Nyongesa aligeuza uso kuelekea sauti.

"Na uji wote huo," alisema. "Nilikuwa nakushukuru."

"Ndiyo."

"Toka, Lenah."

Walitoka. Wakaenda moja kwa moja kwa chifu. Lenah alisema yote: ya kwake mwenyewe, ya Ishmael, na siku anazopita. Ishmael alikamatwa Ijumaa hiyohiyo akiwa na mtungi kwenye baiskeli. Lenah naye hakurudi nyumbani. Hakimu alimpunguzia kifungo kwa sababu alijileta, lakini alifungwa gereza la wanawake la Lang'ata zaidi ya mwaka.

Kavetsa alichukuliwa na Mwalimu Waruguru, akakaa kwake akirudia kidato cha tatu. Watu walimnyooshea vidole pande zote mbili. Kwa wengine alikuwa mtoto wa muuza sumu. Kwa wengine, wapishi wenzake na mama yake, alikuwa msaliti aliyemfunga mama yake. Likizo iliyofuata maabara ilimwalika tena kwenye mashindano. Alikwenda kuwasaidia wadogo kuosha na kupanga vyombo, lakini yeye mwenyewe hakushindana, na Musau hakumlazimisha. Baadaye, alipomaliza shule, alisomea kazi ya maabara za hospitali, na akaifanya miaka mingi. Wenzake walijua tu kwamba hupima kila kitu mara mbili na huwa hasemi "hii najua ni nzuri" mpaka ameiona.

Nyongesa hakungoja Lenah atoke. Khaemba alimpeleka Bungoma, kwa mama yao. Kavetsa alikwenda kumuaga, naye akamruhusu amshike mkono, akamuuliza habari za masomo. Jina la Lenah hakulitaja.

Lenah alipotoka Lang'ata alikuwa na mvi. Kavetsa akarudi kukaa naye Kibera. Lenah aliuza mboga wiki chache, kisha siku moja akamwambia binti yake anakwenda Bungoma. Kavetsa alitaka kuandamana naye. Alikataa.

Alirudi baada ya siku kadhaa, amechoka, na vumbi jekundu kwenye viatu. Kavetsa alimpa maji ya kunawa, akamwandalia chakula. Alimuuliza kama alimwona Nyongesa.

"Nilimwona."

"Alisema nini?"

Lenah alinawa mikono kwa muda mrefu. "Hayo ni yetu, mimi na yeye," alisema. Akala kidogo, akajilaza, akalala mpaka mchana wa siku ya pili. Kavetsa alikaa mlangoni kuwazuia watoto wa plot wasipige kelele.