Elementi Nyekundu na Kidevu cha Mama Mkwe

Mnanisikia huko nyuma? Wewe mwenye kitenge cha njano, unanisikia? Vizuri. Nauliza kwa sababu kuna kipindi nililala kitandani naongea mpaka jasho linanitoka, na hakuna aliyenisikia neno moja sawasawa. Kwa hiyo nikiuliza, nataka mtu aseme ndiyo.

Haya. Mimi ni Sesilia, mama yake Felista, yule wa vitumbua pale kona ya soko. Ifakara nzima inanijua kwa vitumbua na mdomo. Vitumbua wanavisifia, mdomo wanaukimbia. Shule nilikaa kidogo nikaolewa, mpaka leo najua kuandika jina langu tu, nalo linapinda. Lakini kuongea! Ukitokea msiba mimi ndiye ninayekaa na wafiwa, nawasimulia mpaka wanacheka huku kamasi zinawatoka. Kwenye harusi wananipa kipaza sauti, halafu wanaanza kutafutana nani ataninyang'anya.

Mume wangu alishatangulia. Mtoto ninaye mmoja, Felista, akaolewa na Deusi wa Lupiro, ng'ambo ya mto, dereva wa bodaboda. Mpole huyo! Akikuamkia anainama mpaka funguo zinamdondoka. Lakini wifi yangu Beritha hakumpenda tangu siku ya posa. "Wa ng'ambo, halafu wa pikipiki," anasema, "atatuulia mtu huyu." Beritha si ndiye yule pale, anajifanya anachambua mchele. Chambua, wifi, nitakufikia.

Basi ikaja komunio ya mtoto wa ndugu yetu kule Mang'ula. Deusi akasema, "Mama, nitakupeleka mimi. Lakini kwanza tukachague elementi yako." Ndiyo hiyo kofia ya pikipiki. Tukaenda sokoni kwa muuzaji, kazitundika kamba nzima.

Deusi akatoa moja nyeusi, ya kufunika uso wote. "Hii, mama, inakinga mpaka kidevu."

Nikaivaa. Jamani! Nasikia pumzi yangu mwenyewe kama ng'ombe zizini. Nikamuuliza, "Deusi, nimependeza?" Akasema, "Eti, mama?" Nikarudia. "Eti?" Nikaivua. Nikamwambia muuzaji, "Hii mpelekee bubu."

Pale pembeni nikaiona nyekundu. Inang'aa, imekaa utosini tu, mdomo wote uko nje unapunga upepo. Nikataka na saizi kubwa, maana Jumapili nitavaa kilemba, na kilemba changu mimi si kitambaa cha jikoni, ni ghorofa.

"Bibi, imekuzidi," muuzaji akasema. "Inacheza hiyo. Ukianguka itakukimbia."

"Inacheza kwenye kichwa chako au changu?"

"Chako, bibi."

"Basi uza, usinitabirie."

Deusi akahesabu hela. Mkwe atabishana na mama mkwe mbele ya muuza kofia? Hawezi.

Jumapili ikafika. Sasa mnajua kwetu, mkwe hamgusi mama mkwe. Hata kupanda pikipiki yake watu walinisengenya, ndiyo maana tuliweka begi la nguo katikati yetu, na mimi nikashika chuma cha nyuma badala ya kumshika yeye. Lakini ule mkanda wa chini ya kidevu ukanishinda. Unaingia wapi, unatokea wapi, sielewi. Deusi akasimama mbele yangu, mikono kainyanyua hivi, kama padri anayeogopa kubariki.

"Mama, samahani sana. Nikufungie?"

Nikamwambia, "Mikono weka chini. Kidevu hiki alikigusa marehemu, inatosha."

Nikauchomeka mkanda ndani ya kilemba. Twende zetu. Hayo yote palepale nyumbani, hakuna mwingine aliyeona wala kusikia. Mimi na yeye tu.

Mnajua msimu wa mavuno watu wanavyoanika mpunga kando ya lami. Mwingine turubai lake linaingia barabarani kabisa. Lori likaja limejaa njia, Deusi akasogea pembeni, tairi likapanda mpunga. Mpunga mkavu juu ya turubai ni sabuni ile. Wakati huo namsimulia Deusi habari ya jirani yangu na mbuzi wake. Neno la mwisho nililolitamka lilikuwa "mbuzi". Kisha mdomo wangu ukaisalimia lami.

Elementi iliondoka kabla yangu. Niliiona kwa macho yangu ikibiringika, nyekundu, nzima, haina mkwaruzo hata wa kusingizia, ikaenda kukaa mtaroni. Kidevu kikaenda upande wake, mimi upande wangu. Nikajaribu kufumba mdomo, unafumba upande mmoja. Ulimi nimeuuma mpaka kipande kinaning'inia.

Mwenye mpunga akatoka mbio. Nikajua anakuja kunisaidia. "Mpunga wangu! Mpunga wangu umeingia damu!" Akachuchumaa pale kichwani kwangu, akaanza kuchambua meno yangu kwenye mpunga kama anachambua mawe. "Na meno haya ya nani? Si yatavunja mashine ya kukobolea!"

Deusi mguu umechubuka mpaka unaona nyama nyeupe. Anachechemea, analia, na hata hapo ananizunguka tu. "Dada, mshike mama yangu, nakuomba. Ni mkwe, siwezi kumshika mimi."

Yule mama akamjibu, "Nimshike, halafu mpunga uokote wewe?"

Nacheka sasa. Siku ile nilitaka kumng'ata, ila sikuwa na cha kung'atia.

Wapita njia ndio walionipakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Daktari akanifinya huku, akanifinya kule, akawaambia wenzangu, "Taya limevunjika pande zote mbili. Ulimi tumeushona. Sasa tutayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, yashikane, mpaka mfupa uunge."

Felista akauliza, "Ataongeaje, daktari?"

"Kwa sasa hataongea. Hata akijitahidi sana, msipomwelewa ni kawaida."

Beritha akaangalia juu darini. "Mungu ana njia zake," akasema.

Wakanifunga kama geti. Pembeni ya kitanda wakatundika plaizi. Muuguzi akamwelekeza Felista, "Akitapika, kata waya haraka, asipaliwe akafa." Basi nikawa naiangalia ile plaizi kutwa nzima. Uji napitishiwa kwa mrija kwenye pengo la meno yaliyobaki kwenye mpunga. Mdomo ukaoza, unanuka usaha na damu ya juzi, wajukuu wanasalimia kutoka mlangoni wameshika pua. Nikaletewa kuku wa kienyeji. Beritha akanichujia mchuzi, yeye akakaa palepale ukingoni mwa kitanda anatafuna paja. "Pole, wifi. Mchuzi wako, nyama yangu." Anavunja mfupa, anaufyonza, ananiangalia. Alifurahi Beritha! Msikatae, alifurahi.

Lakini hayo yote si kitu. Kaka yangu mkubwa, Gaspari, akaja na treni kutoka Mlimba. Akasimama wodini, kofia zote mbili ziko sakafuni. Ya Deusi imejaa mikwaruzo, lakini ilibaki kichwani. Yangu mpya kabisa.

"Wewe ulijifunga ya kwako," Gaspari akamwambia Deusi. "Ya mkweo mbona hukufunga?"

Deusi akainamisha kichwa.

"Nakuuliza! Ulitaka afe?"

Angesema nini? Aseme mama alinikatalia? Amshitaki mama mkwe mbele yake, amelala, kavimba kama boga? Mdomo wangu umefungwa na waya, wake umefungwa na heshima. Na Gaspari akasema, kama ni hivyo Felista harudi kwa mwanamume huyu.

Nikajikaza. Nikasukuma pumzi yote. Nilisema, "Si yeye." Nawaapia nilisema "si". Lakini meno yamefungwa, ulimi una nyuzi, hiyo sauti inatokea wapi? Ikatoka, "Nhi yeye."

Beritha akaruka juu na paja lake la kuku. "Mmesikia? Ni yeye! Kasema mwenyewe, ni yeye!"

Nikatikisa kichwa, taya likawaka moto. "Nhi! Nhi!"

"Ni, ni! Anarudia, maskini!"

Gaspari akamzaba Deusi kofi la sikio. Mkono wa kaka yangu ni wa mtu aliyepasua mbao maisha yake yote, kofi lile lililia kama mlango. Deusi akagonga ukuta. Hakunyanyua mkono. Akaniangalia mimi. Ningekuwa na uwezo ningeling'oa taya lote nilitupe chini, ilimradi herufi moja itoke.

Jioni Felista akamtupia nguo zake nje kwenye matope, akachukua watoto akahamia kwangu. Deusi akavuka mto kwenda kwa mama yake.

Nilijaribu, jamani. Nikaionyeshea kidole ile elementi nyekundu. Beritha akatafsiri, "Anataka ipelekwe polisi iwe kidhibiti." Nikajipiga kifua, maana yake ni mimi, ni mimi! "Kifua kinambana," akasema, akaita muuguzi, nikachomwa sindano ya usingizi. Felista akaniletea kalamu. Nikaandika ninachokijua, Sesilia. Nikachora mstari chini yake, nikagonga karatasi, hapa, hapa. Akanifuta machozi. "Mama, jina lako nalijua."

Nikalala hivyo mpaka mfupa ukaunga. Nilikuwa nalitafuna lile neno "si" peke yangu, ndicho chakula kigumu nilichokuwa nacho.

Siku ya kukatwa waya walikuja wote. Gaspari, Felista, Beritha na kanga mpya. Daktari akakata, kwi, kwi, akavuta, damu kidogo. Mdomo ukafunguka upana wa kijiko cha chai. "Taratibu, bibi. Sema neno lolote."

Beritha akafumba macho, anangoja nimshukuru Mungu.

Nikasema, "Si yeye, mbwa nyie."

Daktari alidondosha plaizi. Nikawaeleza yote, kilemba, mkanda, mikono yake hewani, nilivyomwambia aiweke chini. Felista akakaa sakafuni akajifunika kanga. Gaspari akatoka nje. Beritha akasema, "Mimi nilisikia 'ni'."

Sikungoja hata kupumzika. Nikapanda bajaji, nikavuka daraja mpaka Lupiro. Nikamkuta Deusi uani anashona magunia, kanipa mgongo. Nikaita, "Deusi!" Anashona tu. "Deusi, baba!" Hakugeuka. Nikasema moyoni ana haki, na mimi nisingegeuka.

Mama yake akatoka jikoni. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Zunguka kulia. Sikio la kushoto halisikii tena, kaka yako alilimaliza."

Nikazunguka. Aliponiona akainama kama kawaida, "Shikamoo, mama." Badala ya marahaba nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akasema, "Yameisha, mama." Mama yake akajibu kutoka jikoni, "Yameisha kwenu."

Felista alimfuata kwa magoti, wakarudiana. Gaspari alileta mbuzi. Mbuzi tulimla, sikio halikurudi. Daktari kalitazama kwa taa akasema ndiyo basi tena. Mimi ulimi umerudi wote, na mwenye kusikia amebaki nusu. Ndiyo hesabu ya safari ile.

Nawashukuru madaktari, nawashukuru wauguzi walioosha mdomo uliokimbiwa na wajukuu, na Mungu aliyeniachia ulimi, ingawa kuna watu walimwomba tofauti. Na wewe uliyelala na waya mdomoni, au mguu kwenye plasta, vumilia. Unanuka leo, kesho utatukana watu kwa raha zako.

Na kofia, sikilizeni. Usichague kwa rangi. Ivae, tikisa kichwa kama unakataa mchumba. Ikizunguka yenyewe, rudisha. Ibane mashavu mpaka uwe kama unapuliza moto. Kilemba tia kwenye begi, utakifunga ukifika. Mkanda ufungwe, na kama hujui, afunge anayejua, hata akiwa nani. Ile nyekundu kwangu anatagia kuku, haina ufa mpaka leo.

Mimi nilirudi kwa yule yule muuzaji nikachukua nyeusi, ya bubu. Tulipotoka safari ya kwanza, Deusi alisimama mbele yangu pale kijiweni, bodaboda wote wanatazama. Mikono juu. "Mama, samahani. Nikufungie?"

Nikainua kidevu. Vidole vyake vikapita kwenye kovu. "Inauma, mama?"

"Funga."

Ka! Ikaitika.

Beritha alikuwa anapita, akapiga makofi. "Aibu gani hii! Mkwe kumshika mama mkwe kidevu hadharani!"

Nikamjibu humohumo ndani ya elementi, hakusikia. Nikafunua kioo. "Nimesema, si aibu."

"Umesemaje?"

Bado anauliza mpaka leo. Beritha, weka ungo chini. Watu wote hawa wanangoja. Sema na wewe, "si yeye". Fungua mdomo, wifi, wako hauna waya. Kwa sauti, na umwelekee Deusi yule pale, upande wa sikio la kulia.