Mnyororo Usio na Mbwa

Nikisikia mnyororo wa mbwa ukilia nyuma yangu barabarani, lazima nigeuke nione kama kweli mwishoni pana mbwa. Nichekeni tu. Mume wangu naye hucheka.

Baba yangu, mtu wa Lubumbashi, alikuwa mlinzi kwenye geti la mtaa wa matajiri kaskazini mwa Johannesburg. Jumamosi mama alishinda akisuka watu nywele mtaani Hillbrow, kwa hiyo baba alinipeleka kazini kwake kwa kificho. Nilikaa sakafuni kibandani, penye harufu ya chai na koti lililolowa, nikichungulia kwenye ufa wa mlango. Kazi yake niliielewa upesi. Akija mtu mweusi, hata awe amevaa suti, baba alitoka: unatoka wapi, unaenda nyumba gani, nani anakujua? Akija Mzungu, kizuizi kilishainuka kabla hajafika.

Ndipo akaanza kupita mama mmoja wa Kizungu, kofia nyeupe, kwa miguu, mkononi mnyororo wa mbwa. Mbwa mwenyewe hayupo. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Moyo wangu haukumkubali hata kidogo.

"Papa, muulize mbwa wake iko wapi."

Baba alicheka, lakini macho yake yalikuwa barabarani. "Bazungu habaulizwake, mama," akasema kwa Kiswahili cha kwao: Wazungu hawaulizwi. "Kunywa chai yako."

Haukupita muda mrefu, nyumba mbili zikaibiwa. Mzee wa kamati ya mtaa, Mzungu mpole aliyekuwa akimpa baba biskuti, akaja getini kuuliza nani aliingia. Baba akamtajia mafundi bomba, watunza bustani, wasichana wa kazi, wote aliowahoji. Yule mama hakumtaja. Uzalendo ukanishinda, nikachomoka kibandani.

"Na yule mama wa mnyororo! Hana mbwa!"

Mzee akanitabasamia. "Maskini, bila shaka mbwa wake amempotea." Kisha tabasamu likakatika, akamgeukia baba. "Huyu mtoto anafanya nini hapa?"

Baba alivua koti la kazi siku hiyohiyo. Njiani hakunigombeza, alinishika mkono tu. Mimi ndiye niliyemkasirikia, tena kwa miaka mingi. Mlinzi gani huyo asiyeuliza? Nilimwona mwoga. Mwenzake wa getini alituambia yule mama hakuonekana tena, wala hakuna aliyemtafuta.

Sasa mimi ni mtu mzima, nami nahojiwa kwenye mageti kama yale, huku Wazungu wakipita wanapunga mkono bila hata kupunguza mwendo. Siwaamini wale wanaotabasamu. Na baba nimemwelewa, ingawa nimechelewa. Walimwajiri atushuku sisi, si wao. Angethubutu kumuuliza yule mama habari za mbwa, angefukuzwa Jumamosi ile ya kwanza, na wa kupeleka malalamiko kwa kamati angekuwa yuleyule mama, na mnyororo wake mkononi.