Injini Imezimika

Jirani yangu anasomea urubani. Kila jioni hukaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, miguu ikikanyaga pedali zisizoonekana, mkono umekamata mwiko. Mkewe, aliyejipa cheo cha mtahini, humvizia popote: "Injini imezimika! Unatua wapi?" Naye hujibu palepale, hata kama mdomo umejaa chakula: "Bustani ya jirani!" Bustani yangu imeshatuliwa mara nyingi kuliko uwanja wa ndege. Asubuhi ya mtihani wa kuruka nilimwona amesimama mlangoni, jasho linamtoka, kamba za viatu zimemshinda kufunga. Mkewe akaacha kupiga deki, akamuuliza taratibu, "Injini imezimika, baba watoto. Unatua wapi?" Jirani akamtazama weee. "Hapa." "Haya, tua. Ila vua viatu, sakafu bado haijakauka."