Swali la Saba

Swali lile nililiandika mimi. Nimekana harusini, nimekana msibani, mara moja nimekana nikiwa nimeshika kikombe cha kahawa cha huyo huyo aliyekuwa akiniuliza. Leo nasema, nichekwe mara moja yaishe.

Mwalimu wa shule moja ya msingi huku Barking, London, aliniomba niwasaidie watoto wa miaka tisa na kumi kuchunguza kazi wanazotaka kuzifanya ukubwani. Nikakubali upesi, kwa sababu nina digrii mbili na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu (msomi asiyeulizwa ni mtu wa hatari). Tukafungua vitabu maktabani, tukatafuta rubani anasomea wapi na daktari wa mifugo anasoma miaka mingapi, kisha kila mtoto akapewa fomu amhoji mtu mzima wa nyumbani kwao. Maswali sita yalikuwa ya mwalimu. Mimi, kwa kujitia ujuzi, nikaongeza la saba: kabla ya kazi hii ulikuwa ukifanya nini, wapi, na kwa nini uliondoka?

Na mimi ni mtoto wa Unguja! Mimi niliyefundishwa na mama, baada ya Mapinduzi, kwamba akija mtu na karatasi akauliza baba yako anafanya kazi gani, sema hujui, kisha mkaribishe maji.

Kesho yake simu zikaanza. Watu wetu walishakata shauri kwamba fomu imetoka uhamiaji na watoto wametumwa bila kujijua. Rafiki yangu Maryam, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ambaye ombi lake la ukaazi lilikuwa bado halijajibiwa, alinipigia akinong'ona kama yumo ndani ya kabati.

"Bi Zuwena, sita ya mwanzo sawa. La saba si la Mzungu. Mzungu hajui kuuliza kwa nini uliondoka. Kuna mtu wetu ndani."

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Nani huyo asiye na haya?"

"Tutamjua tu, shoga."

"Basi msijibu. Semeni nyinyi wageni, mmekuja kutembea."

Ijumaa wazazi wakaalikwa ukumbini, na mimi pamoja nao, kuwasikiliza watoto. Wa kwanza wa kwetu akapanda: baba yake ni mgeni, amekuja kutembea. Wa pili, mama yake mgeni. Wa nne akasoma kwa sauti ya kengele kwamba mjomba wake amekuja kutembea na hii ni miaka kumi na tisa. Nyuma yangu mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, akaangua kicheko: "Karibuni sana wageni!" Mwalimu hakucheka. Alitoa kalamu akawa anaandika, na Maryam akaiona kalamu ile. Zamu ya binti yake Nasra ilipofika, mtoto alisimama na fomu tupu, akasema hajui mama yake anafanya nini, akaanza kulia.

Nikaitwa jukwaani nieleze. Nikaeleza, kwa Kiingereza cha chuo kikuu, kwamba kwetu kutaja kazi ya mtu hadharani ni kukosa adabu (uongo mtupu, kwetu tunataja hadi kazi ya babu wa jirani).

Maryam akamchukua Nasra wakahamia kwa dada yake Hounslow, jirani na uwanja wa ndege. Shule hakwenda mtoto, kazini hakwenda mama, na msimamizi wake akatoa onyo: Jumatatu asipofika asirudi tena. Tangu siku zile nimeapa kutomwongezea mtu swali, hata kinyozi simuulizi.

Jumapili ya wiki iliyofuata nikapiga simu.

"Maryam, la saba nililiandika mimi."

Ndege ikapita juu ya nyumba yao, nikaisikiliza mpaka ikaisha.

"Na yule mwalimu alikuwa akiandika nini?"

"Nimemuuliza. Majina ya watoto, awape vyeti vya pongezi."

"Siku tisa nimefunga mapazia, Zuwena." Bila ya Bi.

"Nisamehe. Kesho nenda kazini."

"Nitakwenda. Zungumza na mtoto uliyemliza."

Nasra, kwa Kiingereza chake cha Barking, akaniuliza kama anaweza kuandika upya: mama yake anawaogesha wazee, anawalisha, anajua nani hapendi chai ya maziwa. Nikamwambia aandike yote.

Nyuma yake nikamsikia Maryam: "Andika, lakini jina langu usilitie. Tia la huyo Zuwena."